Kengele Ikilia, Nani Anashuka na Nani? Mwongozo wa Kuwatoa Watu Wenye Ulemavu Jengoni Wakati wa Dharura

Zoezi la kwanza la moto nililoshiriki lilisifiwa sana. Kengele ililia, watu wakamiminika ngazini, msimamizi akatazama saa yake na kutangaza kwamba jengo zima limetoka kwa dakika 7. Kumbe halikutoka zima. Orofa ya 4 alikuwa amebaki mwenzetu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Aliambiwa kwa upole kabisa, "Wewe baki tu, hili ni zoezi." Akabaki, akawa anapokea simu za ofisi nzima. Moto ungekuwa wa kweli siku ile, hakuna hata mmoja wetu aliyejua nani angemfuata, kwa ngazi ipi, na angemshika wapi.

Naandika kwa ajili ya yeyote anayesimamia ofisi, shule, bweni, nyumba ya ibada au jengo la wapangaji. Naandika pia kwa ajili ya mwenye ulemavu mwenyewe, maana yeye ndiye fundi wa mwili wake. Jambo moja litajirudia humu mpaka pengine likuchoshe: mpango hupangwa siku ya utulivu, na hupangwa pamoja naye.

Kabla ya hatua zenyewe

Tarehe 14 Juni 2017 jengo la makazi la Grenfell Tower jijini London liliwaka moto, watu 72 wakafariki. Wakazi 37 wa jengo lile walikuwa watu wenye ulemavu, na 15 kati yao walikufa. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi, iliyotoka mwaka 2019, ilipendekeza kila mkazi wa jengo refu asiyeweza kushuka peke yake aandaliwe mpango wake binafsi wa kutoka.

Sasa tazama New York. Mwaka 1993, bomu lilipolipuka chini ya minara ya ofisi ya World Trade Center, mhasibu mmoja aliyepooza, mwenye ofisi orofa ya 69, alihangaika muda wa saa 6 hivi mpaka kufikishwa chini. Baada ya tukio lile vilinunuliwa viti maalumu vya kuwashushia watu ngazini. Tarehe 11 Septemba 2001, minara hiyo iliposhambuliwa kwa ndege, mhasibu huyohuyo alishushwa kutoka orofa ileile na wenzake 10 wakipokezana, kwa dakika 90 hivi, akatoka mzima kabla mnara haujaanguka. Safari hii kifaa kilikuwepo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 11, unazitaka nchi kuwalinda watu hawa wakati wa hatari na maafa. Kwa hiyo mwenye jengo asilichukulie jambo hili kama hisani.

Hatua ya 1: Uliza nani atahitaji msaada, na umuulize kila mtu

Usikisie kwa macho. Siku ileile ya 2001, mwanamume asiyeona alishuka kutoka orofa ya 78 kwa miguu yake akiwa na mbwa wake mwongozaji. Na kijana unayemwona akipanda ngazi mbilimbili huenda ana pumu ambayo moshi kidogo tu utamkalisha chini. Wapo wenye ugonjwa wa moyo, wenye kifafa, wajawazito wa miezi ya mwisho, na yule aliyevunjika mguu juzi akicheza mpira. Hawa wote hawamo katika orodha yako ya "walemavu", lakini wamo jengoni.

Swali liwe fupi na liwe la wote: "Kengele ya dharura ikilia, utahitaji msaada wowote ili utoke nje? Msaada wa aina gani?" Liweke kwenye fomu ya mfanyakazi mpya, mwanafunzi mpya na mpangaji mpya. Mtu wa mapokezi naye amuulize kila mgeni anapojiandikisha. Ukimuuliza mwenye magongo peke yake umemfedhehesha, na umewakosa wale ambao hali zao hazionekani.

Asiyetaka kujibu asilazimishwe. Mwambie tu mlango uko wazi siku atakapobadili nia. Wengi hubadili nia baada ya kuona mpango wa mwenzao ulivyo wa heshima.

Hatua ya 2: Kaeni muandike mpango wake

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hupita haraka. Nimeshaona mipango mingi yenye mstari mmoja: "Atasaidiwa na wenzake." Wenzake gani? "Wenzake" hawana namba ya simu. Mpango unaofaa unasomeka hivi:

"Anakaa orofa ya 3, chumba cha pili kutoka ngazi ya mashariki. Anatumia kiti cha magurudumu cha kusukuma kwa mikono. Akishikwa kwapa la kushoto anaweza kusimama na kupiga hatua 2 mpaka kwenye kiti cha kushushia, kilichotundikwa ukutani pale ngazini. Bega la kulia lisivutwe kabisa. Ana mpira wa mkojo. Mfuko umefungwa mguu wa kushoto, uangaliwe usinaswe. Miguu humkakamaa akishtuliwa, kwa hiyo mwambie kwanza kabla hujaigusa. Dawa zake zimo kwenye mkoba mwekundu nyuma ya kiti. Wasaidizi ni hawa wawili, na wakikosekana ni hawa wawili."

Ukurasa mmoja unatosha, lakini kila sentensi yake imetoka kinywani mwa mwenyewe. Muulize: Kengele utaijuaje ukiwa chooni, ukiwa umelala, ukiwa umevua vifaa vyako vya kusikia? Unaweza kushuka ngazi ngapi kabla hujachoka? Ukibebwa, ubebwe vipi, na vipi usibebwe? Nini lazima kiende nawe: dawa, mashine ya kupumulia, chaja, fimbo? Nani unamwamini akushike? Swali hili la mwisho watu huliona dogo, kumbe mwanamke anayebebwa na wanaume asiowazoea ana la kusema, na ana haki ya kulisema mapema.

Kuhusu wasaidizi, kila nafasi iwe na watu wawili, msaidizi mkuu na akiba yake, kwa sababu moto hausubiri mtu arudi likizo. Wawe watu wanaokaa karibu naye, orofa hiyohiyo. Msaidizi akubali kwa hiari, awe amefundishwa, na mgongo wake uwe mzima. Mwenye maumivu ya mgongo apewe kazi ya kutangulia kufungua milango na kuongea na zimamoto. Na asiwekwe mtu ambaye siku ya dharura ana kazi nyingine. Nimeona jina moja likiwa kwenye orodha ya kukagua vyoo, ya kuzima umeme na ya kumshusha mwenzake.

Nakala moja abaki nayo mwenyewe, nyingine wasaidizi, nyingine msimamizi wa usalama, na nyingine iwe mahali ambapo zimamoto wataipata hata ofisi ikiwa imefungwa. Zaidi ya hapo isisambazwe, hizo ni habari za mwili wa mtu. Mpango upitiwe upya angalau mara moja kwa mwaka, na papo hapo ikiwa afya yake imebadilika, amehamishwa chumba, msaidizi ameacha kazi, au amepata kiti kipya.

Hatua ya 3: Pita njia yote, naye akiwemo

Ramani ya ukutani haitakuambia kwamba mlango wa dharura una mkono mgumu usioweza kusukumwa na mtu aliyekaa. Piteni naye kutoka kiti chake mpaka nje barabarani, kisha piteni tena kwa njia ya pili, maana ya kwanza inaweza kuzibwa na moshi. Angalieni vizingiti, mazulia yaliyojikunja, makatoni koridoni, na taa za dharura zilizokufa zamani.

Milango ya kuzuia moto mingi hutengenezwa ihimili dakika 30 au 60, lakini ikiwa imefungwa. Ukiiwekea kigingi ili upepo upite, umenunua ubao wa bei ghali. Milango hiyo ni rafiki mkubwa wa asiyeweza kushuka haraka, kwa sababu inampa njia ambayo watu huisahau: kuhamia upande wa pili wa jengo katika orofa hiyohiyo, nyuma ya mlango uliofungwa, kabla ya kuwaza ngazi. Hospitali huwahamisha wagonjwa hivyohivyo, kitanda kwa kitanda, kutoka wodi moja hadi nyingine, na kushuka huja baadaye kukiwa na lazima.

Majengo mengi yana pia mahali pa kusubiria palipokingwa na moto, mara nyingi kwenye kibaraza cha ngazi. Pakagueni kwa macho yenu: pana nafasi ya kiti kusimama bila kuwazuia wanaoshuka, kama sentimita 90 kwa 140? Pana simu au kitufe cha kuitia, na kuna anayepokea upande wa pili? Au pamegeuzwa stoo ya fagio na viti vibovu? Kuna wanaoamini kwamba mtu akishafikishwa pale kazi imekwisha, aachiwe zimamoto. Si kweli. Pale ni kituo cha njiani, na mwenye jengo ndiye mwenye wajibu wa kuwa na namna ya kumshusha.

Lifti ya kawaida isitumike kwenye moto. Umeme hukatika, kishimo chake huvuta moshi kama bomba la jiko, na inaweza kufungua milango kwenye orofa inayoungua. Zipo lifti chache zilizojengwa mahsusi kwa kuokolea watu, zenye umeme wake na ukuta wake. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, mjue nani ana ruhusa ya kuiendesha.

Mwisho wa njia ni mahali pa kukusanyikia. Pakiwa kwenye majani marefu au changarawe, magurudumu hayafiki.

Hatua ya 4: Kengele imelia. Sema kwanza, ndipo ushike

Jitambulishe, sema kuna nini, uliza. "Naitwa fulani, kuna moto orofa ya chini, tunatoka kwa ngazi ya nyuma. Nikusaidie vipi?" Ni sekunde 5. Hofu inakusukuma kumnyakua mtu, na kumnyakua ndiko kunakovunja mabega na kuangusha wawili badala ya mmoja. Akiwa na mpango, fuata mpango. Akiwa mgeni, msikilize, kisha mrudie alichosema kwa maneno machache ili muwe pamoja.

*Anayetumia kiti cha magurudumu*

Njia iliyo bora kwa wengi ni kiti cha kushushia. Kina mikanda chini inayoteleza juu ya kingo za ngazi na kujizuia chenyewe kwa uzito wa aliyekaa, hivyo mtu mmoja aliyefundishwa anaweza kukishusha. Kabla ya yote, someni uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibandiko chake. Kiti cha magurudumu kifungwe breki, kiti cha kushushia kiwekwe ubavuni, ahamishwe, afungwe mikanda ya kifua na miguu, mikono yake ikae mapajani. Anayeshusha anakaa nyuma na kusema kila anachofanya: "Tunaanza ngazi... tumefika kibaraza... tunageuka." Aliyekaa haoni nyuma yake. Ukimya wako ndio unaomfanya ashike reli, na akishika reli mnaanguka.

Kukosekana kwa kiti hicho kusiwafanye mbebe kiti chochote tu. Cha betri mara nyingi huzidi kilo 100 kabla mwenyewe hajakaa, kwa hiyo kibaki juu. Cha mkono, chepesi, kinaweza kubebwa na watu wawili hadi wanne ikiwa mwenyewe ameridhia. Mwenye nguvu zaidi anakaa nyuma na kushika vishikio vya kusukumia, wengine wanashika fremu yenyewe mbele. Msishike sehemu za kuwekea miguu wala mikono, nyingi hutengenezwa zing'oke, na zitang'oka. Wakati wa kushuka uso wa aliyekaa uelekee chini kwenye ngazi, kiti kilazwe nyuma kikae juu ya magurudumu makubwa, mkanda ufungwe, mshuke ngazi moja kwa hesabu ya mmoja: "Moja, shusha." Mtu mmoja tu ndiye anayehesabu.

Pasipokuwa na kifaa chochote, watu wawili wanaweza kumbeba kwa mikono. Simameni pande zake mbili, aweke mikono yake mabegani mwenu, mkono mmoja kila mmoja upite nyuma ya mgongo wake na mwingine chini ya magoti, mkamatane vifundo vya mikono badala ya vidole. Inukeni kwa miguu, mgongo ukiwa umenyooka. Ubaya wake ni kwamba mnakuwa watu watatu kwa upana, ngazi nyembamba haitawapokea. Ule mtindo wa kumtupa mtu begani kama gunia uacheni kabisa kwa mwenye mpira wa mkojo, mwenye shida ya kupumua, mjamzito, au mwenye tatizo la uti wa mgongo.

Kwenye sakafu bapa yenye moshi, blanketi nzito ni msaada mkubwa: mlaze juu yake, kichwa kikiwa upande wako, ukivuta huku umeinama. Hewa inayovutika iko chini karibu na sakafu. Kumbuka kuwa kichwa cha aliyekaa kwenye kiti kiko chini kuliko cha aliyesimama. Akikuambia huku chini anaona njia, mwamini.

Kiti chake kilichobaki juu kisiachwe mlangoni wala ngazini. Kisukumwe pembeni, na mtu akumbuke kilipo.

*Asiyeona*

Mtolee kiwiko akishike yeye, wewe usimshike wala kumsukuma mgongoni. Tembea nusu hatua mbele, na ulimi wako ufanye kazi ya macho. "Ngazi zinashuka, reli iko kulia kwako" kunamsaidia, ilhali "angalia hapo!" ni kelele tu. Mwambie ngazi zinapoanza, zinapokwisha, mlango unafunguka upande gani, na kama kuna vitu sakafuni, kwa kuwa fimbo yake nyeupe inajua njia ilivyokuwa jana. Akiwa na mbwa mwongozaji, usiguse hatamu. Kaa upande wa pili wa mbwa na umuulize kama atamtegemea mbwa au wewe. Wakiwa kadhaa, mmoja ashike kiwiko chako na wengine washikane nyuma yake.

Umeme ukikatika na moshi ukitanda, asiyeona anayelijua jengo anaweza kuwa ndiye kiongozi wa msafara. Hajapoteza kitu ambacho hakuwa anakitumia.

*Kiziwi na asiyesikia vizuri*

Hatari yake ni kwamba hatajua kabisa. Chumba kikiwa na watu ataona wanainuka. Akiwa peke yake chooni, stoo au usingizini, kengele ni bure. Taa za kumulika zinasaidia, ila zisimulike kwa kasi inayoweza kumwamshia mwenye kifafa kifafa chake, na zote zilizo chumba kimoja zimulike kwa pamoja. Mahali pa kulala pawekwe kitetemeshi chini ya mto. Pasipo na vifaa, apangiwe mtu wa kumfuata kila kengele inapolia.

Kumwita, zima na kuwasha taa, punga mkono mahali anapoona, au mguse bega kwa wepesi. Chooni alikojifungia, pitisha karatasi chini ya mlango: "MOTO. TOKA SASA. NGAZI YA NYUMA." Ukiongea naye, uso wako uwe kwenye mwanga, usifunike mdomo, usipige kelele, kelele hupotosha midomo anayoisoma. Kurunzi ni lazima kwenye giza, na inamulika uso wako au mikono yako, si macho yake. Ishara 4 au 5 za lugha ya alama, kama vile moto, toka, nifuate, hatari na subiri, mtu yeyote anajifunza kwa mchana mmoja.

*Mwenye usonji au ulemavu wa akili*

Kengele yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayomtesa zaidi. Ataziba masikio, atajikunja chini ya meza, ataingia kabatini, au atagoma kuacha kitu anachokipenda. Anayekagua vyumba aangalie chini na ndani ya vitu, asiite jina tu na kupita. Vizuia kelele vya masikioni vikiwa karibu na mlango vinaokoa dakika nyingi. Ongea kwa sauti ya chini, amri moja kwa wakati, maneno yaleyale: "Simama. Shika kamba. Twende nje." Ukibadili maneno kila mara kwa nia njema unamfanya aanze upya kufikiri. Kitu anachokipenda aende nacho, kubishana juu yake kutachukua muda mrefu kuliko kukibeba. Mkishafika nje asiachwe peke yake, anaweza kurudi ndani kwa sababu saa ya chakula imefika na chakula chake kimo ndani.

*Wenye magongo, wazee, wenye pumu na moyo*

Reli upande wao wenye nguvu, wewe ngazi moja chini yao kwa ubavuni, na msimame kwenye vibaraza kupumua. Wimbi la watu wenye haraka lipishwe, kisha mshuke kwa mwendo wenu. Kidawa cha kuvuta cha pumu kiwe mfukoni, kisibaki kwenye droo.

Hatua ya 5: Mkishindwa kushuka

Ingieni mahali pa kusubiria au chumba chenye dirisha linalotazama nje. Fungeni mlango, zibeni upenyo wa chini kwa nguo, yenye maji ikiwezekana. Pigeni simu zimamoto na mseme kwa mpangilio huu: orofa gani, upande gani wa jengo, karibu na ngazi ipi, mko wangapi, mwenye ulemavu ana hali gani, na kama moshi umefika. Ning'inizeni kitambaa cheupe au cha rangi kali dirishani. Msivunje kioo, huenda mkahitaji kulifunga dirisha tena moshi ukianza kuingia kutoka nje.

Msaidizi akae naye ikiwa pako salama. Mtu wa pili ashuke kupeleka habari. Hata hivyo, hakuna anayetakiwa kufa kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye fomu, na hilo liandikwe na lisemwe kabla, ili asiye na mahali pa kusubiria na asiye na kifaa ajue ukweli na adai vyote viwili leo.

Tetemeko la ardhi lina kanuni yake. Jengo likitikisika, hakuna kukimbilia ngazi. Mwenye kiti afunge breki, ainame mbele, akinge kichwa na shingo kwa mikono au kitabu, ajishikilie mpaka litulie. Asiyeweza kuchutama chini ya meza kwa sababu ya magongo akae kitini afanye vivyo hivyo. Likishatulia ndipo ngazi zikaguliwe, na mtu asiye na mzigo atangulie.

Hatua ya 6: Nje

Hesabuni watu kwa majina. Mtu mmoja aende moja kwa moja kwa kiongozi wa zimamoto, mkononi akiwa na karatasi: nani bado yuko juu, wapi hasa, na anahitaji nini. Zimamoto wanaofika wakiambiwa "kuna mlemavu juu" watapoteza muda kupekua kila orofa.

Asiyeona aambiwe amesimama wapi, nani yuko kando yake, na umati umeelekea wapi, kabla hujamwachia kiwiko. Kiziwi aelezwe kinachotangazwa kwenye kipaza sauti. Aliyeacha kiti chake juu apate pa kukaa penye mgongo, maana asiyeweza kushikilia kiwiliwili chake hakai kwenye ukingo wa barabara. Aliyekaa muda mrefu bila kugeuka, hasa asiyehisi sehemu za chini, aulizwe kama anahitaji kubadilishwa mkao, na zimamoto wakiruhusu kuingia, kiti ndicho kitu cha kwanza kushushwa, kabla ya kompyuta na mikoba.

Hatua ya 7: Fanyeni zoezi naye

Zoezi lisilomhusu anayehitaji msaada zaidi limewapima wasiohitaji kupimwa. Mwenyewe achague kiwango chake. Kubebwa kuna hatari hata siku ya zoezi, kwa hiyo wasaidizi wajifunze kiti cha kushushia kwa kumbeba mwenzao asiye na ulemavu kwanza, mara 3 au 4, mpaka mikono izoee, na mwenye mpango awe anatazama na kukosoa. Akitaka kupanda, apande. Akikataa, zoezi liendelee naye mpaka ngazini na kwenye mahali pa kusubiria, kitufe kibonyezwe, na tuone nani anapokea.

Fanyeni moja bila kutoa taarifa ya saa, moja taa zikiwa zimezimwa, na moja msaidizi mkuu akiwa hayupo kazini. Pimeni muda mpaka wa mwisho atakapofika nje, siyo mpaka wengi wafike. Baada ya hapo mwacheni yeye aongee wa kwanza. Yule mwenzetu wa orofa ya 4, mwaka uliofuata alipopewa nafasi hiyo, alikuwa na mambo mawili tu ya kusema: ufunguo wa kabati la kiti cha kushushia ulikuwa na mlinzi wa getini, na mimi nilikuwa nimemfunga mkanda wa kifua juu ya kitambulisho chake, kikamchoma njia nzima. Kabati liliondolewa kufuli jioni ileile.